Ngazi za Amri ndani ya Seli: Vidhibiti Unukuzi na Uundwaji wa Silia Zenye Mwendo

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi vidhibiti unukuzi vinavyoongoza uundwaji wa silia zenye mwendo, yaani nyuzi hai za seli zinazosukuma ute katika njia ya hewa, maji katika vyumba vya ubongo na yai katika mirija ya uzazi. Hoja kuu ni kwamba silia hizi hazitokani na jeni moja, bali na amri zinazopokezanwa kwa ngazi, na kwamba ngazi inayovunjika ndiyo inayoamua ni viungo vipi vya mwili vitakavyodhurika. Aidha, makala yanaonyesha kwamba maarifa haya yanaelezeka kwa Kiswahili bila kupungukiwa, mradi istilahi ziteuliwe kwa kufuata kazi ya kitu kinachotajwa. Uteuzi wa istilahi tatu unajadiliwa, na mapendekezo yanatolewa kwa taasisi zinazosimamia lugha na afya katika ukanda wa Afrika Mashariki.

Istilahi muhimu: silia, unukuzi, kidhibiti unukuzi, jeni, istilahi za tiba

1.0 Utangulizi

Mtoto huzaliwa akiwa ametimiza miezi yake, kisha akapata shida ya kupumua siku ya kwanza bila sababu iliyo wazi. Anapokua, hukohoa makohozi mwaka mzima, pua haikauki, na masikio hujaa maji kila mara. Pengine moyo wake uko upande wa kulia. Dalili hizi zikikutana kwa mtoto mmoja, kuna uwezekano kwamba ana kasoro ya msingi ya mwendo wa silia, ugonjwa wa kurithi unaotokana na silia kutopiga, kupiga vibaya au kutokuwapo kabisa.

Katika nchi ambazo kifua kikuu bado ni tishio, ni haki kikohozi cha muda mrefu kichunguzwe kwanza kwa upande huo. Tatizo huanza pale vipimo vya kifua kikuu vinapokuwa safi, dawa za pumu nazo zisisaidie, na mazungumzo baina ya tabibu na mzazi yakakwama kwa kukosa lugha ya kuyaendeleza. Tabibu aliyesomea jambo hilo kwa Kiingereza au Kifaransa analifahamu. Mzazi anayemsikiliza kwa Kiswahili hapati zaidi ya neno “kifua”.

Pengo hili lina historia yake. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilichapishwa mwaka 1990. Karibu kila jambo linaloelezwa katika makala haya kuhusu udhibiti wa jeni za silia liligunduliwa baada ya mwaka huo. Kwa hiyo kazi iliyopo sasa ni kuendeleza msingi uliowekwa na watangulizi, na mahali pazuri pa kuupimia msingi huo ni katika mada ambayo ugumu wake hauwezi kufichwa kwa maneno ya jumla.

2.0 Silia: Umbo, Aina na Kazi

Silia ni uzi mwembamba unaochomoza juu ya seli na kufunikwa na utando wa seli yenyewe. Silia moja ya njia ya hewa ya binadamu ina urefu wa takriban mikromita 6 hadi 7, na seli moja hubeba silia 200 hadi 300. Kila silia hupiga takriban mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Silia moja peke yake haiwezi kusogeza kitu cha maana. Zikipiga kwa zamu, kama suke za mtama zinavyoinama mfululizo upepo unapopita, hubeba ute pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa humo kutoka mapafuni hadi kooni.

Ndani ya silia yenye mwendo mna kiunzi kinachoitwa aksonemu. Kiunzi hicho kina jozi 9 za mikrotubuli zilizopangwa kwa duara na mikrotubuli 2 katikati, mpangilio unaoandikwa 9+2. Kwenye kila jozi ya duara kumepachikwa mikono midogo ya protini iitwayo dainini, jina lililotolewa na Ian Gibbons mwaka 1965 baada ya kuitenga protini hiyo katika silia za kiumbe cha seli moja, Tetrahymena. Dainini hutumia nishati ya seli kuvuta jozi moja dhidi ya jirani yake, na mvutano huo ndio unaoipinda silia. Chini ya silia kuna kitako chake, ambacho asili yake ni sentrioli, yaani kijiungo kile kile kinachoshiriki katika kugawanyika kwa seli.

Ni muhimu kutofautisha aina tatu, kwa kuwa udhibiti wake si mmoja. Ya kwanza ni silia ya hisi, ambayo huwa moja kwa seli, haina mikrotubuli ya katikati wala mwendo, na hupokea ishara kutoka nje ya seli kama antena. Seli nyingi za mwili zinayo. Ya pili ni silia ya nodi, inayopatikana katika kiinitete kwa muda mfupi tu. Nayo ni moja kwa seli, lakini huzunguka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha katika kiinitete cha panya kwamba mzunguko huo huleta mkondo wa maji unaoelekea kushoto, na mkondo huo ndio unaotoa ishara ya kwanza ya upande gani uwe wa moyo na upande gani uwe wa ini. Ya tatu ni kundi la silia nyingi juu ya seli moja, kama zilivyo katika njia ya hewa, vyumba vya ubongo na mirija ya uzazi.

3.0 Unukuzi na Vidhibiti Vyake

Biolojia ya jeni iliazima sehemu kubwa ya msamiati wake kutoka taaluma ya maandishi: kusoma, kunakili, kutafsiri, msimbo. Kwa Kiswahili, neno unukuzi limekwisha kuzoeleka miongoni mwa wanaisimu kwa maana ya kuhamisha sauti za usemi na kuziweka katika maandishi. Katika seli, unukuzi ni kuhamisha taarifa ya kipande cha DNA na kuiweka katika RNA. Hatua inayofuata, ambapo taarifa ya RNA hutumiwa kuunda protini, ni tafsiri. Ulinganifu huu si wa kubahatisha: katika unukuzi herufi hubadilika kidogo tu na mfumo wa maandishi hubaki ule ule, ilhali katika tafsiri taarifa huingia katika mfumo mwingine kabisa.

Seli ya ngozi na seli ya koo za mtu mmoja zina DNA moja. Kinachozitofautisha ni sehemu zinazonukuliwa. Kidhibiti unukuzi ni protini inayotambua mfuatano mfupi wa herufi za DNA karibu na jeni, ikajishikiza hapo, na kuita au kuzuia mitambo ya unukuzi. Mfuatano huo huo unaweza kuwapo kando ya jeni nyingi, hivyo kidhibiti kimoja kinaweza kuziamuru kwa pamoja jeni zilizotawanyika katika kromosomu mbalimbali.

Hapo ndipo umuhimu wa vidhibiti hivi kwa silia unapoonekana. Aksonemu hujengwa kwa mamia ya protini, na dainini yenyewe huhitaji protini nyingine za kuiunganisha kabla haijapelekwa mahali pake. Protini hizo zote sharti zipatikane kwa wakati mmoja na kwa viwango vinavyowiana. Swali ni nani anayezikusanya jeni hizo zote na kuziamuru zifanye kazi pamoja.

4.0 Ngazi za Amri

4.1 Uamuzi

Katika utando wa njia ya hewa, seli za msingi huweza kuwa seli za kutoa ute au seli za silia nyingi. Uamuzi hufanywa kwa mawasiliano ya majirani kupitia mfumo wa ishara uitwao Notch. Seli inayopokea ishara kali ya Notch huelekea kutoa ute, na ile ambayo ishara hiyo imefifia huelekea kuwa ya silia. Kwa njia hiyo seli za aina zote mbili huchanganyika katika utando mmoja, kwani silia bila ute hazina cha kusukuma, na ute bila silia hauna wa kuusukuma.

Ishara ya Notch inapofifia, protini mbili huingia kazini: GEMC1 kwanza, kisha Multisilini, ambayo jeni yake huitwa MCIDAS. Zote mbili ni za ukoo wa jeminini, protini inayojulikana kwa kuzuia DNA isinakiliwe mara mbili katika mzunguko mmoja wa seli. Undugu huo unadokeza jambo litakalojitokeza tena hapa chini.

4.2 Kuzalisha vitako

Seli inayojiandaa kugawanyika huongeza sentrioli kwa kadiri maalumu: kila sentrioli huzaa moja tu. Seli ya silia nyingi inahitaji vitako mamia, tena bila kugawanyika. Multisilini huitatua changamoto hii kwa kuungana na vidhibiti E2F4 na E2F5, ambavyo ni vya ukoo unaosimamia mzunguko wa kugawanyika kwa seli. Muungano huo huamsha jeni za kuzalisha sentrioli kwa wingi, zikiwamo DEUP1, inayohitajika kuunda majukwaa ya uzalishaji yaitwayo deuterosomu, na CCNO. Kwa maneno mengine, seli imechukua zana za kugawanyika ikazitumia kwa kazi nyingine, huku yenyewe ikiwa imekwisha kuacha kugawanyika.

Inafaa kusisitiza kwamba Multisilini yenyewe haishiki DNA. Hufanya kazi kwa kumpitia mshirika anayeishika. Tofauti hii ina matokeo katika istilahi, kama sehemu ya 6.0 inavyoeleza.

4.3 FOXJ1

Vitako pekee havifanyi silia. Mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba panya wa maabara walioharibiwa jeni ya Foxj1 hukosa silia za njia ya hewa, na viungo vyao vya ndani hupangika upande wowote kwa bahati nasibu. Tafiti zilizofuata zilibaini kwamba katika seli za panya hao sentrioli zilizalishwa, lakini hazikupanda na kutia nanga juu ya seli. Kwa hiyo FOXJ1 ina kazi mbili: kuviwezesha vitako kufika mahali pake, na kuamuru jeni za vifaa vya mwendo, zikiwamo za dainini na za protini zinazoiunganisha.

Mwaka 2008 tafiti mbili, moja ya chura aina ya Xenopus na nyingine ya samaki aina ya pundamilia, zilikwenda hatua moja mbele. FOXJ1 ilipolazimishwa kufanya kazi katika seli ambazo kwa kawaida hazina silia zenye mwendo, silia hizo zilijitokeza. Kukosekana kwake huziondoa, kuwapo kwake huzileta. Ni kwa sababu hiyo kidhibiti hiki huitwa kikuu.

4.4 Vidhibiti vya ukoo wa RFX

Sifa ya ukuu isichukuliwe kupita kiasi. Mnyoo mdogo Caenorhabditis elegans hana FOXJ1 wala silia zenye mwendo, lakini ana silia za hisi. Mwaka 2000 ilibainika kwamba silia zake hutegemea DAF-19, kidhibiti cha ukoo wa RFX, kinachotambua mfuatano wa DNA unaoitwa kisanduku X. Kutokana na hilo inaeleweka kwamba vidhibiti vya RFX vinasimamia kiunzi cha silia kwa jumla, na FOXJ1 huongeza juu yake vifaa vya mwendo. Kwa wanyama wenye uti wa mgongo, RFX2 na RFX3 hushirikiana na FOXJ1 katika jeni nyingi zile zile. Kidhibiti TP73 nacho, ambacho umuhimu wake katika seli za silia nyingi ulithibitishwa mwaka 2016, huamsha FOXJ1 na jeni nyingine za mpango huu.

Hivyo, taswira ya ngazi ni sahihi kwa sehemu tu. Katika njia ya hewa amri hushuka kutoka GEMC1 na Multisilini hadi FOXJ1. Katika nodi ya kiinitete, ambako kila seli huhitaji silia moja, FOXJ1 huamshwa kwa njia nyingine bila kuihitaji Multisilini. Ngazi ya chini ni moja, lakini milango ya kuifikia ni zaidi ya mmoja.

5.0 Ngazi Inapovunjika

Mwaka 1933 Manes Kartagener, tabibu wa Zurich, alieleza wagonjwa wenye mambo matatu kwa pamoja: uvimbe sugu wa mashimo ya mifupa ya uso, mirija ya hewa iliyotanuka isirudi, na viungo vya ndani vilivyokaa upande wa pili. Kwa miaka zaidi ya 40 haikujulikana ni nini kinachoyaunganisha mambo hayo. Mwaka 1976 Björn Afzelius wa Stockholm alionyesha kwa hadubini ya elektroni kwamba silia na mikia ya mbegu za kiume za wagonjwa wa aina hiyo hazikuwa na mikono ya dainini. Leo zinajulikana jeni zaidi ya 50 ambazo kasoro zake husababisha ugonjwa huu. Nyingi huhusu vifaa vya aksonemu yenyewe, na karibu nusu ya wagonjwa viungo vyao viko upande wa pili, kwa kuwa bila mkondo wa nodi upande huamuliwa kwa bahati.

Kundi dogo la wagonjwa lilibaki nje ya picha hii hadi mwaka 2014, zilipobainishwa kasoro za CCNO na MCIDAS. Seli za njia ya hewa za wagonjwa hawa hazina silia, au zina chache tu. Vifua vyao huathirika vikali, lakini viungo vyao vya ndani viko mahali pake. Maelezo yake yamekwisha kutangulia: nodi haihitaji vitako vingi, hivyo haikudhurika kwa kukosekana kwa Multisilini au CCNO. Mwaka 2019 zilielezwa kasoro za FOXJ1 kwa binadamu. Hapa mambo ni kinyume: kifua huathirika, pande za viungo huvurugika, na maji hujaa kichwani, hali ambayo wengi huiita kichwa kikubwa, kwa sababu FOXJ1 inahitajika katika seli zote hizo. Isitoshe, ilhali aina nyingi za ugonjwa huu huhitaji jeni mbovu kutoka kwa baba na mama, kasoro katika nakala moja tu ya FOXJ1 inatosha kuuleta.

Matokeo ya kitabibu ni dhahiri. Kwanza, kukosekana kwa viungo vilivyogeuka upande hakutoshi kuuondoa ugonjwa huu katika orodha ya washukiwa. Pili, sampuli ya seli za pua isiyo na silia yaweza kudhaniwa kuwa imechukuliwa vibaya, kumbe ndiyo ugonjwa wenyewe. Tatu, ushauri kwa familia kuhusu watoto wajao hutegemea ngazi iliyovunjika. Ugonjwa hauna tiba ya kuung’oa, lakini mazoezi ya kusafisha kifua, matibabu ya mapema ya maambukizi na ufuatiliaji wa masikio husaidia kuyalinda mapafu na usikivu. Kuchelewa kuutambua ni kupoteza sehemu ya pafu isiyorudi.

6.0 Istilahi Tatu na Uzito Wake

Istilahi ya kwanza ni silia. Wapo wanaopendelea vijinywele kwa kuwa ni neno la asili. Hata hivyo, pua ina nywele halisi zinazoonekana kwa macho. Mzazi akiambiwa kwamba vijinywele vya pua ya mwanawe havifanyi kazi, atafikiria nywele hizo, na ataona shauri dogo. Unywele ni kitu kisicho hai kinachosukumwa nje ya ngozi. Silia ni sehemu hai ya seli. Utohozi katika mahali hapa unalinda maana kuliko neno la asili.

Ya pili ni kidhibiti unukuzi. Tafsiri ya neno kwa neno ingeweza kutoa kipengele cha unukuzi, lakini kipengele huashiria sehemu ya kitu, na msomaji hajui kinafanya nini. Kidhibiti hutaja kazi, na abiria wa mabasi ya ukanda huu wanakifahamu kidhibiti mwendo. Kuna faida nyingine ya kisarufi. Jeni na protini zote ni za ngeli ya I-/ZI-, na wanasayansi hutumia jina moja kwa jeni na kwa protini yake. Sentensi “FOXJ1 imeharibika” haisemi ni ipi kati ya hizo mbili. Kidhibiti, kikiwa cha ngeli ya KI-/VI-, hutenganisha papo hapo: “FOXJ1 imenukuliwa” ni jeni, “FOXJ1 kimejishikiza” ni kidhibiti. Upatanisho wa kisarufi unafanya kazi ambayo lugha zisizo na ngeli za namna hii hulazimika kuifanya kwa alama za uandishi.

Ya tatu ni mshirika wa kidhibiti, kwa protini kama Multisilini isiyoshika DNA. Kuiita kidhibiti unukuzi kungefuta tofauti iliyochukua miaka kugunduliwa, na kungempotosha mwanafunzi atakayetafuta mahali inapojishikiza na asipaone.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Silia zenye mwendo huundwa kwa amri zinazopokezanwa: Notch hufifia, GEMC1 na Multisilini huamua, E2F4 na E2F5 hushiriki kuzalisha vitako, FOXJ1 huvipandisha na kuleta vifaa vya mwendo, na RFX husimamia kiunzi. Ugonjwa husoma ngazi hizo hizo kinyumenyume, kwani dalili za mgonjwa huonyesha ni ipi iliyovunjika.

Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, na mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikiridhia kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Hadhi hiyo itapimwa katika vyumba vya matabibu kabla ya kumbi za mikutano. Kwa hiyo yanapendekezwa mambo matatu. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iratibu usanifishaji wa istilahi za jeni kwa kuwaketisha pamoja wanaisimu, wanabiolojia na matabibu, ili pasiwe na kamusi tofauti kwa kila nchi. Pili, istilahi ijaribiwe kwa wagonjwa na wazazi kabla ya kuidhinishwa, kwa kuwa kosa la vijinywele haliwezi kugunduliwa na jopo la wataalamu peke yao. Tatu, miongozo ya kuchunguza kikohozi sugu cha watoto iwe na toleo la Kiswahili linaloeleza hatua inayofuata pale vipimo vya kifua kikuu vinapokuwa safi. Wizara zinazosubiri istilahi zikamilike ndipo zianze kuandika zitasubiri sana. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa.